Pampu ya kurudisha maji: kimya hakiandikwi kwenye boksi

Mdogo wangu aliyeko Maskati amehamia nyumba kubwa zaidi, na kabla ya kufikiria makochi ameshaitengea kona ya sebule tangi la kufugia matumbawe hai ya baharini. Swali lake kwangu lilikuwa moja: "Dada, nichukue pampu gani ya kurudisha maji, isiyopiga kelele na ambayo mwendo wake unapunguzika?" Nilimjibu kwa ujumbe wa sauti, akaniomba niandike ili aende dukani akiwa na maandishi mkononi. Naandika hapa ili na wengine wafaidike, maana swali hili huulizwa sana na majibu mengi huwa jina la kampuni tu.

Mimi naishi Hamburg, ni muuguzi, na zamu zangu nyingi ni za usiku. Kwa hiyo nalala mchana, na tangi langu la lita 300 limekaa upande wa pili wa ukuta wa chumba cha kulala. Ukuta wenyewe ni wa bodi za jasi. Skima, kifaa cha kutoa uchafu kwa povu, hupumzika ninapoisafisha, taa huzimika usiku, hita huwaka na kuzima, lakini pampu ya kurudisha maji inafanya kazi saa 24 mwaka mzima. Ndiyo maana nimeitafiti kuliko kifaa kingine chochote humu ndani.

Kwa asiyelijua tangi la aina hii: maji ya tangi la juu hufurika na kushuka kwa bomba hadi tangi dogo lililofichwa ndani ya kabati, ambalo sisi wenye mambo haya tunaliita sampu. Humo ndimo mna skima, hita, na vifaa vingine vyote visivyopendeza machoni. Pampu inayachukua maji yaliyosafishwa na kuyapandisha juu. Hiyo ndiyo kazi yake, na hapo ndipo watu huanza kuipa mzigo usio wake. Mkondo mkali ambao matumbawe yanautaka, ule wa kuyatikisa na kuyapelekea chakula, hautoki kwenye pampu hii. Unatoka kwenye pampu za mawimbi zinazobandikwa kwa sumaku kwenye kioo. Pampu ya kurudisha ikipitisha maji ya tangi zima mara nne hadi sita kwa saa, imetosha. Kwa tangi langu hiyo ni lita 1,200 hadi 1,800 kwa saa. Nimetulia kwenye 1,500, na hata matumbawe yangu magumu yanakua vizuri hivyo hivyo.

Sasa tuje kwenye boksi. Boksi limeandikwa lita 5,000 kwa saa, na chini yake kimo cha mita 4. Namba hizi mbili hazitokei pamoja hata siku moja. Lita 5,000 ni pale pampu inapotoa maji bila kuyainua hata kidogo, na mita 4 ni kimo ambacho maji yakifika yanasimama, hakuna tone linalotoka. Pampu yako itafanya kazi mahali fulani katikati, na mahali hapo panaamuliwa na nyumba yako: umbali wa kuinua maji, na bomba ulilotumia.

Kimo kipimwe kutoka uso wa maji ya sampu hadi uso wa maji ya tangi la juu. Wengi hupima kutoka pale pampu ilipokaa chini kabisa, wakaongeza sentimita ishirini za bure. Kwangu ni sentimita 105. Halafu kuna msuguano wa bomba, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Nina bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 27 hivi, kona chache, na kwa lita 1,500 msuguano wake ni sawa na kuinua maji sentimita 15 hadi 20 zaidi. Kama ningetumia mpira mwembamba wa milimita 16, msuguano peke yake ungepita mita moja. Yaani pampu ingefanya kazi maradufu, na nusu ya umeme wake ingeishia kugombana na mpira. Ukipunguza kipenyo cha bomba kwa nusu huku maji ni yale yale, msuguano unapanda takribani mara 32. Kabla hujaongeza ukubwa wa pampu, ongeza upana wa bomba. Bomba pana pia halipigi mluzi.

Jambo la mwendo kupunguzika ndilo ninalolipenda zaidi, na ndilo linaloelezwa vibaya zaidi madukani. Muuzaji atakwambia chukua kubwa, utaipunguza. Ni kweli, lakini ina mpaka. Mwendo wa pampu ukipungua, maji hupungua kwa kiwango hicho hicho, ila kimo inachoweza kufikia hupungua kwa mraba wake, na umeme kwa mchemraba. Chukua pampu ya mita 4. Ukiiweka kwenye asilimia 50, kimo chake kinakuwa robo, mita 1. Tangi langu linataka sentimita 105. Maji yatapanda bombani hadi mita 1 na kusimama hapo, pampu inazunguka, taa ya kidhibiti (kisanduku cha kubadilishia mwendo) inawaka, na juu hakuna kinachotoka. Kwenye asilimia 65 kimo ni mita 1.69, na hapo ndipo napata zile lita 1,500 zangu. Kwa hiyo ile mizani ya asilimia 30 hadi 100 inayopambwa kwenye matangazo, kwangu inaanza kuwa na maana kuanzia asilimia 60 hivi. Anayenunua pampu yenye nguvu kupita kiasi hujikuta anatumia kipande kidogo tu cha mizani, na kila anapogusa kitufe maji yanaruka kwa kishindo. Anayenunua inayotosha kidogo tu hulazimika kuipeleka asilimia 95, na huko juu ndiko kelele zilikojaa. Tafuta inayokupa maji unayoyataka ikiwa kati ya asilimia 60 na 75. Watengenezaji wazuri huchapisha mchoro wa maji dhidi ya kimo. Usinunue pampu isiyokuwa na mchoro huo.

Na ule mchemraba wa umeme si hesabu ya karatasini tu. Pampu ya wati 40 ikienda kwa asilimia 65, hesabu inasema karibu wati 11. Mita yangu ya plagi inasoma 15, kwa sababu kidhibiti nacho kinakula. Pampu niliyokuwa nayo kabla yake, ya umeme wa ukutani moja kwa moja, ilikula wati 55 usiku na mchana, na maji yakizidi nilikuwa nayabana kwa koki. Kuyabana kwa koki ni kuiacha pampu ikimbie mbio zake zote huku umeiziba njia. Wati 40 za tofauti kwa mwaka ni yuniti 350. Kwa senti 35 za euro ninazolipa kwa yuniti, ni zaidi ya euro 120 kila mwaka.

Kwa mdogo wangu wa Maskati kuna jambo kubwa kuliko bili. Pampu ikizamishwa majini, kila wati inayokula huishia kuwa joto ndani ya maji hayo hayo. Hapa Hamburg wakati wa baridi joto hilo linanisaidia, hita inapumzika. Maskati, ambako kiangazi kinapita nyuzi 40, joto hilo lazima litolewe na mashine ya kupoza, ambayo nayo inakula umeme na kupiga kelele kuliko pampu yoyote. Sisi tuliokulia pwani ya Mombasa tunajua joto linavyoyafanya matumbawe. Mwaka 1998 bahari ilipopata moto kwa El Niño, miamba ilipauka kuanzia kwetu hadi Tanzania na visiwa vya Bahari ya Hindi, na sehemu kubwa ikafa. Tangini huhitaji El Niño. Nyuzi 31 kwa siku chache zinatosha kukuharibia kazi ya miaka.

Sasa kelele zenyewe. Pampu za umeme wa ukutani huzunguka kwa kufuata umeme wenyewe. Kwa hertz 50 sumaku iliyo ndani ya pampu inazunguka mara 3,000 kwa dakika, na haiwezi kwenda polepole zaidi. Mvumo wake ni ule mzito wa hertz 100, na hausambai sana hewani. Unapita kwenye vitu. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, bibi wa miaka themanini na kitu, ndiye aliyenifundisha hili. Alinisimamisha kwenye ngazi akaniuliza kwa upole kama nimenunua friji mpya. Mimi sebuleni kwangu sikuwa nasikia lolote. Nilishuka naye, nikakaa kwenye kiti chake, na kweli mvumo ulikuwepo, unashuka kutoka dari. Huku Ujerumani saa za utulivu ni kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na bibi yule hakunitajia sheria yoyote. Lakini nilijua analala chini ya pampu yangu.

Kipimo changu tangu hapo ni mkono. Weka kiganja juu ya kabati, kisha ubavuni, kisha kwenye sakafu kando ya mguu wake. Ukiuhisi mtetemo sakafuni, jirani anausikia. Kabati tupu ni ngoma, na pampu inayogusa ukuta wa sampu ndiyo kifimbo. Dawa yake ni ya bei ndogo: miguu ya silikoni chini ya pampu, nafasi ya vidole viwili pande zote isiguse kioo, na kipande cha mpira laini wa silikoni, sentimita 10 hadi 15, kati ya mdomo wa pampu na bomba gumu. Bomba nalo lisifungwe kwa skrubu kwenye mbao bila kitu laini katikati. Hata waya wa umeme ukikazwa sana dhidi ya ukingo wa sampu hupeleka mtetemo. Nilipoulegeza wangu, mlango wa kabati ulinyamaza papo hapo.

Pampu za volti 24 zenye kidhibiti, yaani hizi zinazopunguzika, zina faida nyingine hapa ambayo hakuna anayeiandika kwenye tangazo. Kila kabati lina mwendo wake linaoupenda, ambao likiupata linaanza kuimba. Langu linaimba kwenye asilimia 62. Kwenye 60 limenyamaza, kwenye 65 limenyamaza, lakini kwenye 62 hata glasi zilizo kabatini zinajibu. Kwa pampu ya mwendo mmoja, kabati likipenda mwendo huo huo, huna la kufanya ila kubadilisha kabati. Mimi nilipandisha asilimia tatu, nikasogeza koki ya bomba la kushukia kidogo, basi.

Zina kasoro yake pia. Baadhi ya vidhibiti hutoa mlio mwembamba wa juu, wa kielektroniki, hasa kwenye mwendo wa chini. Watoto na vijana huusikia vizuri kuliko sisi. Ukiweza, isikilize pampu ikiwa ndani ya ndoo ya maji kabla hujalipa, kwenye asilimia zile utakazotumia kweli. Kuhusu desibeli zilizochapishwa: kama haikutajwa zimepimwa kwa umbali gani, usizihesabu.

Ila niseme wazi: kwenye matangi mengi niliyoitwa kusikiliza kwa marafiki, mkosaji hakuwa pampu. Ni bomba la kushukia. Maji yakishuka yamechanganyika na hewa hutoa ule mgugumio wa choo kinachovutwa, na hakuna pampu ya bei yoyote itakayouondoa. Suluhisho ninalolitumia linajulikana kwa wafugaji wa matumbawe kama mtindo wa Herbie: mabomba mawili ya kushukia, moja limejaa maji tupu bila hewa na lina koki ya kuzungusha polepole, la pili ni la dharura, mdomo wake uko juu kidogo, linasubiri likihitajika. Ukiibana koki hadi maji yanayoshuka yalingane na yanayopanda, bomba linajaa, hewa haingii, na kelele inakatika. Kulinganisha huko ni kwa kiasi kidogo sana, na hapo ndipo pampu inayopunguzika kwa asilimia moja moja inapolipa bei yake. Ukishapata uwiano, iache. Pampu nyingi zina kitufe cha kufanya mawimbi, zinaongeza na kupunguza mwendo zenyewe. Kwa pampu ya mawimbi ni sawa. Kwa pampu ya kurudisha maji usikiguse, kwa sababu kila mwendo unapobadilika bomba la kushukia linavuta hewa na kuguguma upya.

Umeme ukikatika nini kinatokea? Maji ya juu yanarudi chini kupitia bomba lile lile la kupandishia, hadi mdomo wake uanze kuvuta hewa. Kwangu mdomo uko sentimita 2 chini ya uso wa maji. Sentimita 120 kwa 50 kwa 2 ni lita 12, ongeza yaliyo ndani ya mabomba. Sampu lazima iwe na nafasi hiyo wazi wakati wote. Wengine huweka vali ya kuzuia maji yasirudi, lakini chokaa na konokono huingia humo, vali haifungi, na hugundui hadi siku zulia limelowa. Mimi naamini nafasi.

Na umeme ukirudi? Hili muulize muuzaji waziwazi: pampu inaanza yenyewe, kwa mwendo ule ule uliouweka? Zipo zinazorudi kwenye mwendo wa kiwandani, na zipo zinazosubiri ubonyeze kitufe wakati wewe uko kazini. Zinazoanza polepole na kupanda kidogo kidogo ni bora, hazipigi kishindo bombani. Pampu kuukuu za umeme wa ukutani zina tabia nyingine: zikichakaa huzunguka vizuri miaka, lakini zikizimwa mara moja haziwaki tena, zinatetemeka tu mahali pamoja.

Nina jamaa Nyali, Mombasa, ambaye umeme wa kwao unajulikana kwa kukatika. Yeye alihamia pampu ya volti 24 kwa sababu ya betri. Betri mbili za volti 12 na ampea-saa 100, akitumia nusu tu ya nguvu yake ili zisife mapema, zinampa wati-saa 1,200. Pampu ya wati 15 inakwenda siku tatu na zaidi. Ile ya wati 55, tena kupitia inveta inayokula chake, haifiki siku nzima. Tahadhari tu: betri za volti 24 zikiwa zinachajiwa hupita 28, na si kila kidhibiti kinavumilia. Soma kijitabu kabla ya kuunganisha.

Majina sasa. Eheim wa huku Ujerumani wanatengeneza pampu za umeme wa ukutani ambazo wazee wa kazi hii hawaziachi, kwa utulivu na kudumu. Ila mwendo ni mmoja. Kwa zinazopunguzika, Jebao wa China ndio mlango wa wengi kwa sababu ya bei. Sicce wa Italia wana mfululizo wa SDC unaoongozwa kwa simu. EcoTech Marine wa Marekani wana Vectra, ambayo inaunganishwa na betri yao ya akiba. Royal Exclusiv na Abyzz, wote Wajerumani, ni za mtu ambaye tangi lake ni kubwa na mfuko wake hali kadhalika. Pampu nyingi za kundi hili pia hupokea amri ya volti 0 hadi 10 kutoka kwa kompyuta za matangi kama GHL au Neptune Apex; kama una mpango wa kompyuta baadaye, hakikisha tundu la kupokea amri hiyo lipo. Kama huna, usililipie. Mimi ningependelea pampu ya bei ya kati yenye bomba pana kuliko ya bei kubwa iliyofungwa kwenye mpira mwembamba.

Kinachokufa kwanza kwenye pampu hizi mara nyingi si mota, ni kidhibiti, kwa unyevu wa chumvi. Kitundike juu, nje ya kabati kama inawezekana, na waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda ili matone yadondoke sakafuni yasiingie kwenye umeme. Ndani ya pampu angalia shafti, kile kijiti cha katikati ambacho panga (sehemu inayosukuma maji) huzungukia: iwe ya kauri, si chuma cha aina yoyote. Chokaa hupenda kuganda mahali penye joto, na sehemu yenye joto kwenye maji yako ni pale sumaku inapozunguka. Kila baada ya miezi michache naifungua, naloweka panga na shafti kwenye asidi ya sitriki iliyoyeyushwa katika maji vuguvugu hadi povu likome, nasugua kwa mswaki laini, nasuuza. Pampu iliyoanza kukwaruza hunyamaza baada ya hapo. Isiponyamaza, panga limelika.

Kwa hiyo siku ya kununua pampu, nunua na panga la akiba hapo hapo, kabla toleo halijabadilika. Na pima maji yako: mpira kwenye mdomo wa juu, ndoo ya lita 10, saa ya simu. Ikijaa kwa sekunde 24 ni lita 1,500 kwa saa. Andika namba hiyo kwa kalamu ndani ya mlango wa kabati pamoja na asilimia ya mwendo na tarehe. Sekunde zikianza kupanda huku asilimia ni ile ile, ni wakati wa kuifungua na kuiloweka.